Kiraka Kutoka Queensburgh: Chombo cha Kutuma Marekebisho ya Programu Kiboreshwe Wapi?

Mtu aliyejifunza kuandika programu bado hajajifunza kuikabidhi kwa wenyewe. Tuchukue kijana anayeishi Northdene au Malvern, katika kitongoji cha Queensburgh, magharibi mwa Durban. Jioni moja anagundua kwamba programu ya kumbukumbu za wagonjwa anayoisimamia kazini inakosea kupanga tarehe za kliniki. Msimbo wake uko wazi, anausoma, anaona kosa, anabadilisha mistari minne, na kosa linakwisha. Kwenye kompyuta yake kazi imekamilika. Kwa watumiaji wengine wote haijaanza, kwa sababu mistari ile minne lazima igeuzwe kiraka: ifungwe kwa namna inayokubalika, iambatane na maelezo, ipelekwe kwa wanaostahili kuipokea, ihojiwe, irekebishwe tena, ndipo iingizwe. Viraka vingi hupotelea katika safari hiyo.

Vyombo vya kuandaa na kutuma viraka vipo kwa miongo kadhaa sasa, na mjadala wa namna ya kuviboresha huangukia palepale kila mara. Wengine wanataka kitufe cha kubonyeza kwenye tovuti, wengine wanatetea barua pepe na amri za kuandika kwa mkono. Naona ugomvi huo umekosa shabaha. Kinachoua kiraka ni kanuni ambazo mgeni hazioni mpaka azivunje, mtandao unaokatika katikati ya kazi, na ukimya baada ya kutuma. Chombo kinachostahili sifa ni kile kinachopunguza hayo yote, na vingi tulivyonavyo vinashughulikia nusu ya lile la kwanza tu.

Asili ya viraka ni nyepesi. Katikati ya miaka ya 1970, katika Maabara za Bell nchini Marekani, Douglas McIlroy na James Hunt walitengeneza programu ya diff, iliyolinganisha faili mbili na kutoa tofauti zake mstari kwa mstari. Mwaka 1985 Larry Wall, ambaye baadaye alibuni lugha ya Perl, akatoa programu ya patch, iliyochukua tofauti hizo na kuzipachika kwenye nakala ya mtu mwingine. Kuanzia hapo watu wasiojuana, waliounganishwa na laini ya simu ya polepole, waliweza kushirikiana bila kutumiana programu nzima. Ubanaji huo uliwafaa wakati ule na unatufaa bado sisi tunaonunua bando: kiraka cha mistari minne, pamoja na maelezo yake, ni kilobaiti moja au mbili.

Linux ilikua juu ya msingi huo. Mwaka 2004, baada ya kesi ya SCO dhidi ya IBM kuzua maswali ya nani aliandika nini, Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alitaka kila kiraka kibebe mstari wa Signed-off-by, ambao ni tamko la mtumaji kwamba ana haki ya kuutoa msimbo huo. Aprili 2005, mwenye BitKeeper, programu ya kusimamia matoleo ambayo mradi wa Linux ulikuwa ukiitumia, alipoondoa ruhusa ya kuitumia bure, Torvalds akaandika Git ichukue nafasi yake. Ndani yake zikaja amri mbili ambazo hadi leo ni nguzo za kazi hii: git format-patch, inayogeuza badiliko kuwa barua, na git send-email, inayoipeleka barua hiyo. Mwaka 2008 ikaja GitHub na maombi yake ya kuunganisha, na karibu wakati uleule Google ikatoa Gerrit, inayokagua viraka kimoja kimoja.

Njia ya barua pepe ndiyo inayolaumiwa zaidi, kwa hiyo inafaa kuitazama kwa karibu. Tuseme safari hii kosa la kijana wetu liko ndani ya Linux yenyewe, kwenye kiendeshi cha modemu yake ya USB. Ana anwani ya Gmail. Anafungua kiraka, ananakili yaliyomo, anabandika kwenye barua, anatuma. Msimbo wa Linux hutumia alama za kitufe cha Tab mwanzoni mwa mistari. Kisanduku cha barua kwenye kivinjari huzigeuza kuwa nafasi za kawaida na kuikata mistari mirefu. Mpokeaji akijaribu kukipachika, kompyuta inamwambia kiraka hakikai. Ukiisoma barua kwa macho utaona imefika kamili. Mashine ndiyo inayoona imevunjika, na aliyetuma hana njia ya kujua.

Anaambiwa atumie git send-email. Sasa anatakiwa kutaja jina la seva, poti 587, aina ya usimbaji na nenosiri. Nenosiri lake la Gmail linakataliwa, kwa kuwa tangu tarehe 30 Mei 2022 Google imeacha kuziruhusu programu za nje kuingia kwa nenosiri la kawaida. Lazima awashe uthibitishaji wa hatua mbili, kisha atengeneze nenosiri maalumu la herufi 16 kwa ajili ya programu hiyo moja. Hakuna hata hatua moja kati ya hizo inayohusu modemu.

Na bado hajamaliza. Ndani ya msimbo wa Linux kuna programu ndogo iitwayo checkpatch.pl, inayokagua mtindo wa uandishi: nafasi zilizobaki mwishoni mwa mstari, mabano yaliyowekwa vibaya, sahihi iliyosahaulika. Kuna nyingine iitwayo get_maintainer.pl, inayosoma faili la watunzaji lenye mistari zaidi ya 20,000 na kumtajia anwani za watu wa kuwapelekea. Zote mbili ni programu nzuri na nimeona zikiwaokoa watu. Ila kila moja iko peke yake. Moja inakagua, nyingine inataja majina, ya tatu inatuma, na anayeziunganisha ni mgeni, kwa mkono, akifuata kurasa za maelezo alizozisoma jana. Akiruka hatua moja hakuna kinachomzuia. Barua itakwenda tu.

Pengo hilo ndilo alilolishughulikia Konstantin Ryabitsev wa Linux Foundation kwa chombo chake cha b4. Mwanzoni kilikuwa cha watunzaji, cha kuchota viraka kutoka kwenye hifadhi ya barua. Mwaka 2022, katika toleo la 0.10, kikapata upande wa mtumaji. Amri ya b4 prep huanzisha tawi la kazi pamoja na barua yake ya utangulizi, hutafuta wapokeaji yenyewe, na hukumbuka kiraka kimefikia toleo la ngapi. Wakaguzi wakidai marekebisho, toleo linalofuata huandikwa v2 bila mtu kuambiwa. Waliokwisha kukiridhia kiraka majina yao hukusanywa kwa amri nyingine na kuwekwa mahali pake. Na kwa wale ambao seva zao za barua zinawasumbua, b4 inaweza kupeleka viraka kupitia mlango wa wavuti wa kernel.org, vikiwa vimetiwa sahihi kwa ufunguo wa mtumaji. Hadithi yote ya Gmail inafutika.

Hili ndilo boresho ninaloliheshimu kuliko mengine yote ya miaka ya karibuni. Wakaguzi wanaendelea kusoma barua zao kama walivyozoea, na mtumaji ametuliwa mzigo ambao haukuwa wake. Mradi wa Git nao ulipata kitu cha jamii hiyo mwaka 2018, GitGitGadget, kilichoanzishwa na Johannes Schindelin: mtu anafungua ombi la kuunganisha kwenye GitHub, na chombo kinaligeuza kuwa mfululizo wa barua kwa watunzaji. Wanaosema barua pepe na tovuti haviwezi kukaa pamoja wavitazame vyombo hivi viwili.

Afrika Kusini haikuwa mtazamaji katika jambo hili. Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Linux, ilitoka Oktoba 2004 kwa fedha na juhudi za Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Welkom, na tangu mwanzo ilichota vifurushi vyake kutoka Debian, mfumo mwingine wa Linux. Kwa hiyo kila rekebisho lililofanywa upande wa Ubuntu lilitakiwa kurudishwa Debian, la sivyo watu wa Ubuntu wangelibeba kiraka kilekile toleo baada ya toleo, kila baada ya miezi sita. Ndipo kikaandikwa chombo kiitwacho submittodebian, ambacho msimbo wake wa awali ni wa mwaka 2007, ndani ya kifurushi cha ubuntu-dev-tools. Stefano Rivera, Mwafrika Kusini ambaye pia alikuwa miongoni mwa waandaaji wa mkutano wa Debian uliofanyika Cape Town Julai 2016, ni mmoja wa waliokifanyia kazi kifurushi hicho.

Chombo hicho kinafundisha mengi, kwa uzuri wake na kwa upungufu wake. Mtu akiwa ndani ya folda ya kifurushi alichokirekebisha, huandika amri moja. Chombo kinalinganisha toleo lake na lile la awali, kinatoa tofauti, kisha kinamfungulia kihariri na kumtaka aondoe yote yanayoihusu Ubuntu peke yake, kwa maana Debian haiyahitaji. Nakipenda kituo hicho kidogo. Chombo kinamsimamisha mtumaji na kumwuliza jambo ambalo mpokeaji angeliuliza wiki mbili baadaye. Baada ya hapo kazi inakabidhiwa kwa reportbug, inayoandika taarifa, kuweka alama ya kwamba kuna kiraka, na kuituma. Debian ina hata seva yake, reportbug.debian.org, kwa ajili ya watu ambao kampuni zao za intaneti zimefunga njia ya kawaida ya barua. Aliyewahi kutumia intaneti ya modemu kwetu anajua thamani ya huruma hiyo.

Upungufu wake ni kwamba kazi yake inaishia kwenye kutuma. Hakirudi baada ya mwezi kuuliza kama kuna aliyejibu. Hakijui kama kiraka kimepokelewa, kimekataliwa, au kimekaa bila kusomwa. Mtumaji aliyetuma viraka vitano ana kumbukumbu tano kichwani, na kichwa hicho kina kazi nyingine.

Kuna mfano mwingine wa Afrika Kusini ambao watu wa programu hawautaji vya kutosha, labda kwa kuwa ulihusu tafsiri. Shirika la Translate.org.za, lililoanzishwa na Dwayne Bailey mwaka 2001, lilitaka programu zipatikane kwa Kizulu, Kixhosa, Kisotho na lugha nyingine rasmi za nchi. Watafsiri hawakuwa watu wa msimbo, na kuwataka wajifunze mifumo ya kuhifadhi matoleo kungewafukuza siku ya kwanza. Shirika likatengeneza Pootle, iliyowawezesha kutafsiri kwenye kivinjari, na mkusanyo wa zana uitwao Translate Toolkit. Ndani ya mkusanyo huo kuna kikaguzi kiitwacho pofilter.

Tazama kinachofanya. Ujumbe wa asili una alama ya %s mahali ambapo programu itaweka jina la faili. Mtafsiri wa Kiswahili anaandika "Imeshindikana kufungua faili" na kuisahau ile alama. Sentensi ni nzuri na Kiswahili chake hakina kosa, lakini mtumiaji hataambiwa ni faili gani, na katika programu nyingine kukosekana kwa alama ya namna hiyo huiangusha programu nzima. Kikaguzi kinamwonyesha kasoro kabla tafsiri haijaondoka mikononi mwake. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, OpenOffice iliyozungumza Kiswahili. Kazi ya ukubwa huo ni maelfu na maelfu ya mistari, na macho ya binadamu, hata yawe makini vipi, hayatoshi kuikagua. Kwa viraka vya msimbo hali ni ileile. Ukaguzi unaofanywa na mashine upande wa mtumaji, mapema, hauaibishi mtu. Ukifanywa na mtu mwingine hadharani, baada ya wiki tatu, unaaibisha.

Sasa turudi kwa kijana wetu na tarehe za kliniki, kwa kuwa programu ya namna hiyo ipo kweli, inaitwa OpenMRS, na inaziunganisha Durban na Eldoret. Mbegu ya OpenMRS ni mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza mwaka 2001 katika kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Mwaka 2004 Burke Mamlin na Paul Biondich wa Taasisi ya Regenstrief walianza kubuni mfumo mpana zaidi. Hamish Fraser wa Partners In Health na Chris Seebregts wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini wakaungana nao. Ulianza kutumika Eldoret Februari 2006, ukafuata Rwanda, kisha hospitali ya Richmond, mji mdogo wa KwaZulu-Natal ulio bara kutoka Durban. Leo KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu yake. Kosa la tarehe katika programu hii ni mama mjamzito anayeambiwa arudi siku ambayo kliniki haipo.

OpenMRS inapokea viraka kupitia GitHub. Anayefungua ombi la kuunganisha kwenye msimbo wake mkuu hukutana na fomu inayomtaka athibitishe mambo kadhaa: kwamba kihariri chake kinafuata mtindo wa mradi, kwamba ameongeza majaribio, kwamba aliendesha amri ya kujenga programu, mvn clean package, muda mfupi kabla ya kufungua ombi, kwamba majaribio yote yamepita, na kwamba kazi yake imeanzia kwenye hali ya karibuni ya msimbo. Kichwa cha ombi kinatakiwa kibebe namba ya tatizo analolitatua. Kanuni hizi ni za haki, na kuziandika wazi ni hatua kubwa kuliko miradi mingi inavyofanya.

Lakini fomu hiyo ni ya kuweka alama ya vema. Inamwuliza mtu kama amefanya, wakati mashine ingeweza kutazama yenyewe kama amefanya. Namba ya tatizo inaweza kusomwa na programu. Umbali kati ya tawi lake na hali ya karibuni unaweza kupimwa. Majaribio yanaweza kuendeshwa na matokeo yakaandikwa ndani ya kiraka. Yote haya yanawezekana kwenye kompyuta yake, kabla ya mtandao kuguswa. OpenMRS ina mkusanyo wa zana unaomsaidia mtu kunakili ghala la moduli hadi kwenye akaunti yake na kwenye kompyuta yake kwa amri moja. Mwanzo wa safari umelainishwa. Mwisho wake nao unastahili kulainishwa hivyo hivyo.

Na hapo linaingia suala la mtandao, ambalo waandishi wengi wa vyombo hivi hawalioni kwa kuwa kwao halipo. Ile amri ya mvn, ikiendeshwa mara ya kwanza, hupakua mamia ya faili ambazo msimbo unazitegemea. Kwa mwenye waya wa fibre nyumbani ni dakika chache za kusubiri. Kwa anayetumia bando la simu ni pesa ya chakula. Ongeza umeme. Mgao ulioitesa Afrika Kusini kwa miaka, na ambao 2023 ulifika kiwango ambacho hakijawahi kuonekana kabla yake, uliwafundisha watu wa Durban kuipanga kazi kwa saa za umeme. Minara ya simu nayo ina betri, na betri huisha.

Tarehe 12 Mei 2024 tatizo lilionekana kwa ukubwa wake. Nyaya mbili za chini ya bahari, SEACOM na EASSy, ambazo kituo chao cha nchi kavu kwa Afrika Kusini kiko Mtunzini, kaskazini mwa Durban kwenye pwani hiyohiyo ya KwaZulu-Natal, zilikatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Dar es Salaam hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba Ubalozi wa Marekani ulifunga huduma zake kwa siku mbili. Siku hizo, mtu aliyekuwa akifanya kazi ya kukagua viraka kwenye kivinjari hakuweza hata kusoma alichoandikiwa. Aliyekuwa na Git kwenye kompyuta yake aliweza kuandika, kulinganisha, kugawanya badiliko kubwa katika vipande, na kuandaa barua zake, akisubiri dakika moja ya mtandao.

Hata hivyo dakika hiyo moja ina mtego. Mfululizo wa viraka saba hutumwa barua moja moja. Mtandao ukikatika baada ya ya nne, wapokeaji wanabaki na nusu ya kazi isiyoeleweka. Mtumaji asiyejua zipi zimefika anatuma tena zote saba, na sasa wana kumi na moja. Mkaguzi mwenye haraka anazifuta zote. Dawa yake haihitaji uvumbuzi mkubwa. Kila barua ipewe kitambulisho chake tangu inapoandaliwa, chombo kiweke foleni kwenye diski, kiandike ni ipi imekubaliwa na seva, na mtandao ukirudi kiendelee kuanzia ya tano. Simu zetu zinafanya hivyo kwa ujumbe wa WhatsApp kila siku, na hakuna sababu ya msimbo wa hospitali kupata huduma duni kuliko picha za harusi.

Wapo watakaosema: rahisisha tu kutuma, mengine yatajipanga. Siwaungi mkono, na ushahidi uko wazi. Oktoba 2020, kampuni ya DigitalOcean iliahidi fulana kwa waliotuma idadi fulani ya maombi ya kuunganisha katika hafla yake ya Hacktoberfest. Miradi ikafurikwa na maombi yasiyo na maana, ya watu walioongeza neno moja kwenye faili la maelezo, hadi waandaaji wakabadilisha kanuni siku chache tu baada ya mwezi kuanza ili ihusike tu miradi iliyojiandikisha kwa hiari. Siku hizi mafuriko hayo yanaletwa na akili bandia. Daniel Stenberg, mwenye curl, programu ya kuhamisha data mtandaoni, alisitisha mpango wa kulipia ripoti za udhaifu wa usalama mwishoni mwa Januari 2026, baada ya kuchoshwa na ripoti zilizotungwa na mashine. Linux peke yake hupokea mabadiliko 13,000 na zaidi kwa kila toleo, na toleo hutoka kila baada ya wiki 9 au 10. Wakaguzi ni wale wale.

Mkaguzi aliyechoka ni hatari kwa kila mtu. Sakata la xz, programu ya kubana faili, lilituonyesha hilo: mtunzaji aliyekuwa peke yake alisukumwa kwa miezi mingi akubali msaada, msaidizi aliyejiita Jia Tan akajenga imani kwa viraka vya kawaida, na mwishowe akapenyeza mlango wa siri, ambao Andres Freund aliufichua tarehe 29 Machi 2024. Kwa hiyo kila boresho la upande wa mtumaji lipimwe kwa swali hili: linamwongezea mkaguzi kazi, au linampunguzia? Ukaguzi wa mapema unampunguzia. Kitufe kitupu kinamwongezea.

Limebaki la ukimya, na kwangu hili ndilo zito kuliko yote. Mwongozo wa Linux unamwambia mtumaji asubiri majibu, na asikumbushe kabla ya wiki moja kupita. Mtu aliyezoea mazingira yale anajua kwamba baada ya wiki mbili au tatu za kimya kukumbusha si kosa, tena kunatarajiwa. Kijana wa kwetu hajui. Amelelewa kutowakumbusha wakubwa wajibu wao. Ukimya wa mkubwa kwake ni jibu, na jibu lenyewe ni hapana. Hatauliza mara ya pili. Kiraka kitabaki pale, sahihi kabisa, na miaka miwili baadaye mtu wa nchi nyingine atalirekebisha kosa lilelile upya.

Chombo kinaweza kuliondoa jambo hili bila kubadilisha tabia ya mtu yeyote. Mfumo wa Patchwork, unaotumiwa na sehemu nyingi za Linux, tayari unaonyesha kila kiraka kiko katika hali gani: kipya, kinakaguliwa, kimekubaliwa, kimepitwa na toleo jingine. Taarifa hiyo iko upande wa watunzaji. Mtumaji anatakiwa aende kuitafuta. Iletwe kwake. Akifungua chombo chake asubuhi, kimwambie kwamba kiraka cha modemu kina wiki tatu bila jibu, kwamba kwa desturi ya mradi huu kukumbusha sasa ni sawa, na kimwandalie mistari miwili ya heshima ya kutuma. Kazi ya kuandika msimbo wa jambo hilo ni ndogo. Faida yake kwa watu wasiozaliwa ndani ya desturi hizo ni kubwa kuliko ya kitufe chochote.

Kwa hiyo kama ningeulizwa kazi ianzie wapi, ningeanza na kumbukumbu ya baada ya kutuma, kwa sababu haina mwenyewe. Ya pili ni foleni inayovumilia mtandao mbovu. Ukaguzi wa mapema ungekuja wa tatu, maana umekwisha kuanza vizuri: kila mradi uweke kanuni zake katika faili ambalo chombo kinaweza kulisoma, badala ya ukurasa ambao mgeni ndiye atakayeukariri. Mwonekano wa kupendeza ungekuja mwisho kabisa.

Nawaomba walimu wa kompyuta wa Durban, Dar es Salaam, Eldoret na Kampala wamtake kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho atume kiraka kimoja cha kweli kwenye mradi wa kweli, na aandike kila mahali alipokwama. Nawe msomaji, siku chombo kitakapokukatalia kwa ujumbe usioeleweka, usikifunge. Nakili ujumbe huo kama ulivyo, andika ulikuwa unafanya nini na mtandao wako ulikuwa wa aina gani, uwapelekee wanaokitunza. Git, b4 na ubuntu-dev-tools zote ni programu huria, na zote zinapokea viraka.